Mzee Amezima

Loice, sikiliza yaliyonikuta leo. Kijana mmoja wa bodaboda aliniandikia: "Mama, mzee amezima hapa steji ya Marani."

Niliusoma ujumbe huo mwenyewe, bila kusaidiwa. Mzee amezima! Nikajua mume wangu amefariki. Nilitupa kikapu cha majani chai, nikakimbia nikilia hadi stejini.

Nikamkuta Onyiego wangu mzima, amechuchumaa, anasafisha plagi. Kilichozima ni pikipiki yake! Vijana hao huiita "mzee" kwa sababu imewazidi umri.

Niliwaambia kwamba pikipiki "imezima", mtu ndiye "amezima". Si ndivyo mwalimu wetu wa darasa la watu wazima anavyotufundisha?

Mmoja akajibu: "Mathe, tofauti iko wapi? Wazee wote wawili ni wa kuuzwa kwa kilo."

Kwa kilo, Loice, kama vyuma chakavu! Wakagonga mikono. Hata Onyiego alicheka nao.

Tuliisukuma pikipiki pamoja hadi nyumbani. Kwenye mlima akasimama kupumua, akaniuliza: "Ingekuwa ni mimi niliyezima, wangekuandikia tofauti?"

Nimeusoma tena ujumbe ule sasa hivi. Hakuna hata neno moja ambalo wangebadilisha.