Ruhusa ya Kufikiri

Budapest, Machi 1974

Kaka Tobia,

Shikamoo. Mimi mzima, theluji inayeyuka, ila viazi vya huku havifikii vya Lukozi. Mguu wa mama unaendeleaje?

Nilikueleza kwamba kila Jumamosi sisi wanafunzi wachache wa usanifu majengo kutoka Afrika tunakutana jikoni bwenini, tunajadili nyumba za kwetu. Mwezi uliopita alikuja ofisa kutoka nyumbani na ramani ya kijiji cha ujamaa, nyumba zote zimepangwa mstari mmoja. Nikamwambia kwenye miteremko yetu zitasombwa na maji ya mvua.

Akafoka, "Nani kawapa ruhusa ya kukutana?"

Nikamjibu, "Kwani hata kufikiri kunahitaji ruhusa, mzee?"

Akasema nikiitisha kikao kingine nitarudishwa nyumbani. Jumamosi iliyofuata nikachemsha chai, nikaacha mlango wazi, nikihofu nitainywa peke yangu. Walikuja wote, na Wavietinamu wawili ambao hatukuwaalika, hata tukakosa viti.

Mama usimwambie bado. Wakinirudisha, nipokee kituoni Mombo, wala usinionee huruma. Nyumba yangu ya kwanza nitaijenga hapo hapo Lukozi, nao wenye ramani waje waone kama itasombwa mvua ikinyesha.

Mdogo wako asiyenyamaza,
Jenoveva