Nimemkalia mama mkwe kwa ajili ya mpunga wa kamba

Mpendwa Mama Asha,

Naomba unisaidie upesi, maana niko karibu kukosa mke kwa sababu ya mpunga, wala usinicheke, ingawa mwenyewe nikikumbuka nacheka hadi machozi. Mimi ni kijana wa Bijombo, mchumba wangu ni Feza, na msimu uliopita nilishuka Nyakabere kumsaidia mjomba nikaona wanaotesha mbegu kitaluni kisha wanapandikiza miche kwa mistari wakifuata kamba, wakavuna mpaka mlango wa ghala ukakataa kufungwa, nikarudi mlimani na mbegu na kamba begani nikiimba njia nzima, lakini huku kwetu watu wanamwaga mbegu kwa mkono na wazee wakanifokea, "Weye Deo, ile kamba iko ya Wazungu! Walitupigaka fimbo juu yake, eti tupande nayo, na siku ya dipanda, siku ya uhuru, tuliichoma!"

Basi nikapanda peke yangu bondeni, na kazi hii, Mama, mtu anainama na kurudi kinyumenyume, na ndipo mama yake Feza, Mama Pétronille, alipokuja kuchungulia, akaingia topeni nyuma yangu aone vizuri, na kwa kuwa kwetu mama mkwe hamwiti mkwe wake hakutoa sauti, nami narudi naimba, narudi naimba, nikamgonga kwa makalio tukaanguka wote, nikamkalia mapajani! Mimi, ambaye nikimwona tu njiani natakiwa kuingia porini nimpishe kwa heshima!

Sasa baba yake Feza amesimamisha arusi, anasema niichome kamba na niape kumwaga mbegu kama wenzangu, ndipo nimpate binti. Na miche imeshika, Mama, imesimama mistari mistari, nikiiona roho yangu inaruka. Jana Feza akaninong'oneza, "Mama hana kasirani sana. Anauliza tu, kati ya muche na muche munaachaka vidole ngapi?"

Je, niichome?

Déogratias, Bijombo, Februari 1962

*

Deo mwanangu,

Pole. Nimecheka, siwezi kukudanganya, na jirani yangu amekuja kuuliza kuna nini.

Sasa sikiliza. Umeniandikia habari za miche barua nzima, lakini sijaona mahali ulipoomba radhi. Huna haya? Tena ulipanda mlima na kamba begani ukiwahubiria watu waliopigwa fimbo kwa ajili ya kamba hiyohiyo. Ulitaka wakupigie makofi? Watu hao hawatamwamini msemaji, wataamini sufuria.

Lakini una bahati usiyostahili. Mwanamke anayeuliza vidole ngapi hana hasira, anataka miche, ila hawezi kukuomba kwa kinywa chake.

Usichome kitu. Kesho mtume shangazi yako kwa wakwe, apeleke kitenge na kuku, aombe radhi kwa desturi, na wewe ubaki nyumbani umefunga mdomo. Wakipokea, shangazi aache pale kikapu cha miche iliyobaki kitaluni, na kamba juu yake. Mwambie Feza ni vidole vingapi, naye amwonyeshe mama yake. Wanawake wapande shamba lao, na wewe usikanyage huko mpaka wamalize.

Baba Feza atapiga kelele siku mbili. Halafu atamkuta mkewe mwenyewe ameivuta kamba, na kuanzia hapo Bijombo hakuna atakayeiita ya Wazungu tena. Itakuwa ya Mama Pétronille. Wewe tafuta suti ya arusi.

Mama Asha, Uvira