Mbegu Tatu za Baba na Kitabu Nilichokisifu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mdomo wangu haujui kuanza nawe kwa neno jingine.

Wiki hii nimekishika tena kile kitabu cha uchumi kilichoandikwa kwa wasomaji wa kawaida, kile nilichokuja nacho Ifakara nikitamba. Unakumbuka nilivyokusomea shambani? Wewe juu ya dungu unaamia ndege wasile mpunga, mimi nimekaa kwenye ngazi yake. Nikafika sura inayomlaumu mkulima mdogo kwa kupanda hiki kidogo na kile kidogo, badala ya kuchagua kimoja chenye faida. Ukaacha kuvuta kamba ya makopo.

"Huyu mwandishi bonde analijua?" uliuliza. "Maji yakizidi, nakula mpunga mrefu. Yakipungua, nakula mfupi. Ile mbegu ya tatu ndiyo ya kuuza. Yeye mwaka mbaya anakula nini?"

Nilicheka, Baba. Nilicheka mbele ya mama na shangazi, nikasema, "Mzee, huyo ni mtaalamu, kasoma." Mwalimu wa uchumi mimi, kichwa kimenivimba! Nikaandika gazetini kukisifu, na swali lako sikuligusa.

Msimu uliofuata ulipanda mbegu moja tu, ile ya tatu ya kuuza, nayo ni fupi, shamba zima. Sikukulazimisha, lakini ulijua ningefurahi. Mto ukajaa kabla mpunga haujachanua. Tulisimama ukingoni, kwa jirani mpunga mrefu umeinua vichwa juu ya maji, kwetu maji matupu. Hukunitazama. Ulisema tu, "Twende, mama yako anasubiri."

Mbegu ndefu uliyoachiwa na babu tuliila mwaka ule, kwa kuwa njaa haingoji. Kisha ukaugua, na hukupanda tena.

Sasa wahakiki wameanza kukikosoa kitabu. Mmoja ameandika kurasa nyingi kuonyesha kwamba mwandishi anapiga hesabu za mwaka mzuri tu, na mwaka mbaya kamwachia mkulima. Wenzangu shuleni wanamsifu mhakiki huyo kwa kuona mbali. Nilisoma nikaenda kulia chooni, maana hayo yote niliyasikia mapema, bure, kutoka juu ya dungu.

Jana mama kaniambia jambo nisilolijua. Majirani walipokuuliza nani alikupa ushauri ule wa ovyo, uliwajibu ni wewe mwenyewe, ulitaka kujaribu. Nyumbani ukamwonya mama: "Usimtaje. Anafundisha watoto wa watu, wasije wakamcheka."

Nimelipelekea gazeti makala nyingine, Baba. Nimeeleza kitabu kilikosea wapi, nani alikiamini, na nani aliuliza swali akachekwa na mwanawe. Jina langu nimeliandika kamili. Mama anasema watu watanicheka.

Waache wanicheke.

Pumzika, Baba.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza