Kikohozi cha Baba Migombani

Dada yangu Subilaga,

Hamjambo hapo Kihesa? Mgongo wa shemeji umepona? Watoto je? Mimi huku kwenye mgodi wa shaba bado napumua, lakini usingizi umenikimbia na chakula hakishuki.

Juzi kaingia kambini Ambokile, yule mtoto wa jirani yetu, katoka nyumbani. Nikamwuliza habari za mwanangu Tumpe. Akatazama chini.

"Kaka, yule mtoto ana kidonda kiganjani. Alidokoa kiazi, mama yake wa kambo akamshikisha kaa la moto. Siku zingine anamfungia ndani, hali kitu mpaka kesho yake."

Dada, nililia mbele ya wanaume wenzangu wala sikuona haya.

Utauliza, Baba yuko wapi? Si unaijua mila yetu. Mke wangu ni mkwewe, hawaruhusiwi kuonana, na mlango ule Baba hauvuki hata nyumba iungue. Basi akisikia mtoto analia, anakwenda kusimama migombani na kukohoa kwa nguvu. Mkwe akisikia kikohozi hicho, hana budi aache kila kitu akimbilie nyuma ya nyumba kujificha, na fimbo inabaki chini. Ambokile anasema mzee alikohoa jua na mvua, mpaka kifua kikamuuma. Hicho ndicho kilichomlinda mwanangu.

Lakini masika haya miguu ya Baba imevimba, hatoki tena kitandani.

Nimemwendea nyampara kuomba ruhusa, kanifukuza kama mbwa. Mkataba haujaisha, nikitoroka nafungwa. Sasa nimlilie nani kama si wewe? Wewe ni shangazi, mwiko wa Baba haukuhusu. Panda lori la Mbeya, ingia mle ndani bila hodi, umchukue. Usingoje mavuno, dada. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nawe umezaa. Nakupigia magoti.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako aliyekuwa akikicheka Kihehe changu kibovu. Mwambie amtayarishie mjukuu mahali pa kulala karibu na moto, maana atafika amekonda.

Neno moja nilishindwa kuliandika pale juu. Asubuhi aliyoondoka, Ambokile alipita nyuma ya nyumba yangu, akamsikia mwanamke anafoka na fimbo inalia. Halafu akamsikia Tumpe, katikati ya kilio, anajaribu kukohoa kama babu yake.

Mdogo wako,
Asegelile