Saini Hailingani

Jumatatu, 4 Machi

Picha zimegoma tena. Si zote — hapo ndipo panaponiwasha. Saa tatu daktari wa mapafu kapiga simu kwetu, kitengo cha kompyuta. Anataka eksirei ya mwaka jana ya babu mmoja aliyelazwa wodi ya pili. Ya mwezi uliopita anayo, ina doa kwenye pafu. Akizilinganisha atajua doa ni jipya au la zamani. Kila akibofya: 403, ombi limekataliwa, saini hailingani. Upasuaji ni Ijumaa!

Bosi kasema zima, washa. Nimezima, nimewasha. Wapi!

Jumanne, 5 Machi

Nimeelewa nusu. Kila ombi la picha likifika kwenye lango la hifadhi, ile programu inayolinda picha, linabeba saini yake, na jina la faili, yaani jina la mgonjwa, ni sehemu ya saini hiyo. Lango nalo hupiga hesabu yake, kisha hulinganisha. Zikipishana hata kidogo — rudi ulikotoka.

Sasa zinapishana wapi? Nywila sahihi. Saa za mashine zote mbili, yetu na ya lango, nimezipima hadi sekunde, ziko sawa. Nimejaribu picha mia mbili, kumi na moja zimekataliwa. Kwa nini hizo tu? Si kubwa kuliko nyingine. Zilipigwa siku tofauti, vyumba tofauti. Mchana nimekula nikitazama skrini, wala sikumbuki nilikula nini. Jioni mume wangu kauliza naongea na yeye au na seva. Swali zuri.

Jumatano, 6 Machi

Nimelipata!!

Asubuhi mapokezini, binti wa yule babu alikuwa amechoka na karani. Jina la baba yake limeitwa vibaya mara ya tatu.

"Dada, ni ng' ya ng'ombe, siyo ng ya ngoma! Hapo unamwita mtu mwingine."

Nikaganda na chai mkononi. Kisha mbio. Faili la majaribio, "ngoma" — limepita. "Ng'ombe" — 403! "Ngombe" bila ritifaa — limepita. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu. Zile kumi na moja, zote zina ritifaa. Tangu tuweke toleo jipya la lango mwezi wa kwanza, programu yetu inakaandika kale kamkia namna moja, lango namna nyingine. Kamkia kadogo kama ncha ya sindano!

Alhamisi, 7 Machi

Mistari miwili tu nimebadilisha. Saa nne picha zote zimefunguka. Daktari kanishukuru mpaka nikaona aibu.

Baada ya robo saa kapiga tena. Sauti imeshuka. Kasema niende kwake.

Picha mbili ukutani. Ya mwaka jana: mbavu mbili zilizovunjika zamani, zikaunga vibaya. Binti anasema baba alianguka kutoka kwenye paa ujanani. Ya mwezi uliopita: mbavu zimenyooka kabisa, na doa.

"Mbavu hazijinyooshi zenyewe," daktari kasema. Kaagiza babu apigwe picha nyingine papo hapo. Mbavu zile zile mbovu. Doa hakuna.

Nimekwenda kwa mpiga picha wa eksirei. Hakuficha. Lango lilikuwa linakataa kuhifadhi hilo jina, foleni ndefu, basi akawa anaondoa kamkia. Linapita.

Nimetafuta jina bila ritifaa. Wako wawili! Yule wa ng ya ngoma alipigwa picha siku ile ile, kikohozi. Kasomewa picha ya babu. Kaambiwa ni mzima, karudi nyumbani. Wiki tatu sasa.

Upasuaji umefutwa. Binti wa babu amekaa kwenye benchi, analia na kucheka pamoja, ananishika mkono hataki kuachia. Ningezima na kuwasha tu, je?

Naandika haya hapa hapa chumbani kwa daktari. Namba ya yule bwana mwingine tumeipata kwenye kadi yake. Daktari kaipiga, inaita. Kapokea mwanamke, anauliza kwa furaha ni nani mwenzangu, mume wake yuko uani anapasua kuni, amwite?

Daktari kafunika simu kwa kiganja. Ananitazama mimi.