Kijiji cha Taa Mbili na Redio

Dada Tumpe, kamwene! Ndivyo tunavyosalimiana huku kwetu wilayani Kilolo, na wewe huko Mbeya nakusikia kila asubuhi redioni ukiwasema watu mpaka wanajiona wajinga wenyewe, basi leo ni zamu yangu, nisaidie dada yangu kabla ya Ijumaa, na ukisoma soma yote, ila majina badilisha na kijiji usikitaje kabisa, maana hapa hakuna nyumba isiyofungua kipindi chako.

Umeme umefika! Yaani nashindwa hata kuandika vizuri kwa furaha, nguzo zimesimama kutoka barabara kuu mpaka juu kanisani, siku gari la nguzo lilipopanda mlima wanakwaya waliacha mazoezi wakalipokea kwa vigelegele, mwenyekiti wetu Mzee Bartholomeo akavaa koti lake la harusi, na mimi nilikuwa mbele kabisa nikicheza bila viatu, mtu mzima mwenye wajukuu, kwa sababu hakuna aliyeingoja siku ile kama mimi. Nina mashine ya kukoboa na kusaga, ya dizeli, mwaka wa kumi na moja huu navuta moshi na kuzungusha mpini mpaka bega linakufa ganzi, na ikigoma kina mama wanabeba madebe yao kilomita saba kutafuta unga kijiji cha pili, na wakirudi wananipa pole mimi badala ya kujipa pole wenyewe. Mota ya umeme nilishainunua Mwanjelwa huko kwenu Mbeya, ya nguvu za farasi ishirini, iko sebuleni imefunikwa kitenge, padri ameinyunyizia maji ya baraka, kila asubuhi naifuta vumbi na kuisalimia.

Sasa dhambi yangu. Mwaka juzi walipokuja wapimaji kuandika kila mtu anataka umeme wa kazi gani, tulifanya mkutano siku moja kabla, watu wakawa na hofu kwamba ukisema una biashara utafuatwa na kodi hata taa hujawasha, na aliyesimama akasema "Jamani, kila mtu aseme taa mbili na redio, basi, mengine tutajua wenyewe mbele ya safari," nilikuwa mimi, wakanipigia makofi wakasema huyu mama ana akili. Kesho yake kijiji kizima kikawa cha taa mbili na redio! Marcelino anayechomelea mageti akafukia jenereta lake chini ya magunzi, Philbert seremala akaingiza mashine yake ya randa kwenye zizi la ng'ombe, na mimi nikafunga kazi siku mbili, injini nikaitandikia blanketi na mto, mpimaji akaingia akauliza hiki ni nini, nikamjibu bila kupepesa macho kwamba ni kitanda cha mama mkwe. Akaweka faili lake palepale juu ya kitanda akaandika taa mbili, redio. Mpaka leo watu wakinisalimia wananiuliza mama mkwe ameamkaje.

Jumamosi nikampelekea chai fundi Lusekelo, msimamizi wa mkandarasi, nikamuuliza kwa madaha mota yangu ataifunga lini. Akaniangalia. "Mama, mota hiyo inataka umeme wa njia tatu. Kwenu inakuja njia moja, ya taa." Nikamwambia mbona pale barabarani nyaya ni tatu, akasema hizo zinaenda kwa wenzenu waliosema wana mashine, akafungua makaratasi yake akanionyesha kwa kidole, "Hapa kijiji chenu hakina hata biashara moja." Dada Tumpe, nilikaa chini pale pale kwenye majani. Akasema nyaya bado hazijavutwa, mhandisi wa wilaya anakuja Ijumaa kukagua na kusaini, kabla ya hapo kijiji kinaweza kuomba laini ibadilishwe, akishasaini ndiyo imetoka, tutangoja miaka.

Anayejua haya ni mimi na mume wangu Liberatus tu. Wenzetu wanashangilia, Marcelino ameshachora kibao chenye picha ya geti, na mimi wanaponiona wanasema shujaa wetu. Na shemeji yangu Shedrack amenipatia chumba Mwanjelwa, juzi nimekwenda kukiona nikaaga kwamba naenda hospitali, njia tatu iko ukutani, bomba la maji ndani, lami mlangoni, mtandao haukatiki, mteja akilipa kwa simu unasikia mlio papo hapo, nikabonyeza swichi machozi yakanitoka. Liberatus anasema twende, watu tuwaambie tumepanua biashara. Nikibaki lazima niwaambie kwamba akili yangu ndiyo iliyowaponza, na wale wenye madebe wataniangalia usoni. Nikiondoka hawatajua ilikuwaje. Nifanyeje dada yangu? Leo ni siku ya tatu sijaifuta mota vumbi.

Ni mimi, Evarista.

TUMPE ANAJIBU

Evarista, ndaga sana, ndiyo asante yetu huku, kwa barua, na ndaga kwa kicheko. Kitanda cha mama mkwe! Fundi mitambo wangu hapa studio ametoka nje kwenda kucheka vizuri. Na mimi nimecheka, halafu nikakasirika, kwa hiyo kaa mkao wa kusemwa.

Kwanza hongera. Miaka kumi na moja ya kuzungusha mpini si mchezo, na kucheza bila viatu ni haki yako. Hofu yenu pia naijua. Marehemu baba yangu alikuwa na karakana ya baiskeli kule Tukuyu, na akimwona mtu mwenye faili anajigeuza mgeni aliyekuja kusalimia.

Lakini mama, ulitegemea nini? Aliyechora laini ile hana macho ya kuona chini ya blanketi. Mliomba taa, mkaletewa taa, hakuna aliyewaonea. Mtu anayetaka njia tatu, anayetaka bomba nene la maji, anayetaka daraja la kupitisha lori, sharti aseme anafanya kazi gani na kwa mashine gani. Na habari za kodi zinaulizwa ofisini, siyo kisimani. Ungeuliza siku moja tu, leo ungekuwa unacheza bado.

Chumba cha Mwanjelwa nakijua kilivyo, naishi jirani. Kizuri, sikatai. Ila pale mashine za kusaga zinatazamana mlango kwa mlango, na hakuna mtu atakayekumbuka kukupa pole ikiharibika. Halafu usinidanganye. Ungekuwa umeshaamua kuhama, usingenisimulia habari za madebe. Shemeji Liberatus, na wewe unanisikia: hizo nguvu za kubeba mota mpaka Mbeya, zitumie leo kuzunguka vitongoji kuita watu.

Leo Jumatano. Nenda kwa Mzee Bartholomeo sasa hivi, aitishe mkutano wa dharura saa tisa. Simama palepale uliposimama mwaka juzi, sema nilikosea na nikawakosesha, kisha nyamaza. Usianze kujitetea. Kumbuka makofi walipiga wenyewe. Marcelino atoe jenereta kwenye magunzi, Philbert atoe randa kwa ng'ombe, kila mwenye kazi aandike kazi yake ya kweli, mashine gani, farasi wangapi, na asiyekuwa nayo asijitungie. Maji mnayohitaji kwa biashara yaandikeni humo humo, kalamu ikiwa bado mkononi. Mtendaji wa kijiji aandike maombi, apige muhuri, nakala apewe Lusekelo leo, yenyewe ifike wilayani kesho asubuhi, mtu aipeleke kwa mkono wake. Ijumaa mhandisi akija msimpe karatasi peke yake. Mshikeni mkono mumwonyeshe cheche za Marcelino, mumwingize sebuleni aione mota. Sikuahidi kwamba atakubali. Akikataa, aandike kwa nini na lini, na mtaanzia hapo. Lakini msikubali asaini karatasi ya uongo mkiwa mmesimama mnamtazama.

Limebaki moja, lile linalokunyima raha, kwamba utawaambiaje. Jana nilikupigia simu nikakuuliza una uhakika nisome yote, ukasema soma dada, mradi majina yabadilike. Nimeyabadilisha yote, na kijiji sikukitaja. Ila Evarista wangu, kitanda cha mama mkwe kiko kimoja tu Kilolo nzima, na umeniambia mwenyewe hapo kwenu hakuna nyumba isiyofungua redio. Hao wanaobisha hodi sasa hivi wafungulie. Funua mota, na jina lako la kweli liandike namba moja.