Neva ya Kadzo na Mpira wa Komora

Jumamosi, Garsen. Jua limewaka tangu saa moja asubuhi, na mimi nimeamka nikiwadharau wote waliosoma.

Nianze na Kadzo, binti wa dada yangu. Yuko chuo kikuu, amekuja kwetu likizo, na kazi yake ni kuangalia neva. Si neva ya mtu wala ya mbuzi. Ni neva iliyo ndani ya kompyuta, haina damu, haiumwi. Anaikata vipande, kila kipande anakipa urefu na unene wake, halafu anaviunganisha na kupitisha umeme. Miaka minne ya masomo ndiyo hiyo. Mimi niliishia darasa la sita, na wakati wa mafuriko nilivuka mto huu na mbuzi kila kwapa, mamba wakinipisha. Nani kasoma hapo?

Siku tatu hizi analalamika kwamba umeme wake unafifia pale kipande kinene kinapoungana na chembamba. Nikamwambia kifundi: kaza kiungio. Akacheka. Eti kiungio chenyewe hakina ukinzani, yaani hakizuii umeme. Ukinzani wa kusafiri kwa urefu unapimwa kutoka katikati ya kipande hiki mpaka katikati ya kile: nusu ya hiki, jumlisha nusu ya kile. Na chembamba ndicho kinachobeba karibu mzigo wote.

"Upana ukipungua nusu, Mjomba, ukinzani unakuwa mara nne. Kwa maji ni mbaya zaidi."

Maji. Mtoto wa juzi ananifundisha mimi maji.

Kuanzia hapa mpaka Ozi hakuna anayenishinda kufunga mipira ya pampu. Maji yasipofika, nakaza kiungio kwa utepe wa tyubu, yamekwisha. Na msimu huu niliwagawia watu siri yangu: wekeni mpira mwembamba. Ukiziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji si yanaruka mbali? Basi mpira mwembamba ni kidole gumba kirefu. Wangu ulimpiga kiboko akarudi mtoni analia. Shamba langu liko hatua kumi tu kutoka ukingoni, na kwangu ulifanya kazi.

Komora, jirani yangu, alinisikiliza. Alikunja mpira wake mnene akauweka nyuma ya jiko, kuku wakataga ndani yake. Akatandika mwembamba, mita themanini, kutoka mtoni mpaka kwenye kitalu chake cha mpunga.

Leo asubuhi tena, kama wiki yote hii, maji yalifika kitaluni kama mkojo wa mzee.

Miche inageuka manjano. Nimefunga kiungio mara nne, Komora kanisimamia.

"Fundi, ni hewa imeingia au ni nini?"

"Ni pampu yako. Imezeeka kama wewe."

Pampu yake ni mpya kuliko yangu.

Kadzo alikuwa ameketi kwenye tuta, kompyuta magotini. Mbele ya Komora hakusema neno. Kwa hilo, dada yangu alimlea vizuri. Alisubiri Komora aende kuleta mafuta, ndipo akasema taratibu, "Mjomba, kiungio hakina kosa. Kifupishe kile kipande chembamba."

Nikamtukana kidogo. Kisha nikaenda nyuma ya jiko la Komora, nikafukuza kuku.

Tukatandika mpira mnene karibu njia yote, mwembamba ukabaki hatua chache za mwisho. Komora akarudi na mafuta, akavuta kamba ya pampu. Maji yakaja kwa hasira, yakataka kunipokonya mpira. Nusu ya kitalu itapona. Nusu nyingine ilishakauka, hata mbuzi haitaki.

Komora akanishika bega. "Wewe bwana, Mungu alikupa mkono. Ungekuja wiki iliyopita, ningeokoa yote."

Nikapokea sifa.

Nikasema ndio, kazi hizi zinataka mtu mwenye jicho. Kadzo akatazama chini, akafunga kompyuta yake.

Wiki iliyopita nilikuwepo. Hata siku ule mpira mwembamba ulipoletwa nilikuwepo, niliubeba mimi mwenyewe begani. Neva isiyo na mwenyewe bado naidharau. Lakini nusu ya kitalu cha mtu mwenye watoto watano nimeikausha mimi, na ananishukuru.

Kesho baada ya kanisa tutakunywa chai pamoja kama kawaida. Nitampa miche, ninayo ya kuzidi. Hiyo ni rahisi, naweza kuibeba hata sasa. Kigumu ni kusema kwamba binti ndiye aliyeona, na ule mpira ulikuwa ujinga wangu. Nimejaribu hapa jioni hii: nilikosea, Komora. Mke wangu akauliza nimesema nini. Nikamjibu nimekohoa.

Kesho nitamkoholea na Komora?